Mlango Unaopitika: Makimbilio ya Dharura na Watu Wenye Ulemavu

Mada iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa dayosisi katika juma la Jubilei ya miaka 100 ya usharika



Utangulizi

Kitabu cha jubilei huandikwa ili waliotangulia wasisahauliwe: waliochoma matofali, waliobeba mawe kutoka mtoni, waliofundisha watoto chini ya mti kabla ya darasa la kwanza kujengwa. Kukumbukwa ni haki yao. Lakini katika miaka 100 majengo ya usharika hutumika kwa mambo ambayo waashi wake hawakuyawaza. Mto unapoacha mkondo wake, ardhi inapotikisika, au vita vya nchi jirani vinapowasukuma watu kuvuka mpaka, wenye kukimbia hutafuta paa kubwa na mlango ulio wazi. Katika vijiji na miji mingi ya Tanzania paa hilo ni la shule au la kanisa. Madawati husogezwa, mikeka hutandikwa, sufuria kubwa za harusi huinjikwa, na kwa siku kadhaa ukumbi huwa nyumba ya familia nyingi.

Mada hii inahusu swali moja tu katika jambo hilo: usiku huo, nani hushindwa kuingia? Mlango unaweza kuwa wazi kabisa na mwenyeji akawa mkarimu, lakini mtu atumiaye kiti cha magurudumu akakwama kwenye ngazi ya kwanza. Kiziwi asijue kuwa kengele imepigwa. Asiyeona asijue choo kiko upande gani. Mama wa mtoto mwenye ulemavu wa akili akarudi kulala katika nyumba yenye nyufa, kwa kuwa majirani wa mkeka walilalamikia kelele za mwanawe. Watu hawa hawakufukuzwa na mtu yeyote. Waliofukuza ni kizingiti, giza na kutofikiriwa, na mambo hayo matatu huamuliwa muda mrefu kabla mvua haijaanza kunyesha.

Ulemavu huzaliwa pia katika maafa

Kitabu cha Pili cha Samweli, katika sura ya 4, kina habari fupi ambayo wasomaji wengi huipita haraka. Habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika, yaya alimchukua mtoto wa Yonathani, Mefiboshethi, aliyekuwa na umri wa miaka mitano, akakimbia naye. Katika haraka ile mtoto akaanguka, naye akawa na ulemavu wa miguu yote miwili. Miaka mingi baadaye, katika sura ya 9, mfalme Daudi aliuliza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli. Ndipo ilipojulikana kwamba Mefiboshethi yuko Lo-debari, akiishi katika nyumba ya mtu mwingine. Hakuna aliyemtaja mpaka alipoulizwa.

Habari hiyo yafundisha mambo mawili yanayohusu mada hii. La kwanza, ulemavu hauwafuati watu fulani tu waliozaliwa nao. Ukuta ulioanguka, mguu uliokatwa, jeraha la uti wa mgongo na kukimbia gizani huongeza idadi ya watu wenye ulemavu usiku uleule ambao kimbilio linafunguliwa. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. La pili, asiyeulizwa haonekani.

Idadi yao si ndogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilieleza kwamba watu wapatao bilioni 1.3, yaani mtu mmoja katika kila sita, wana ulemavu mkubwa wa aina fulani. Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Kwa hesabu hiyo, katika kila watu 100 wa umri huo waliokimbia mafuriko, 11 hivi wangetarajiwa kuwa watu wenye ulemavu. Ikiwa mwandikishaji wa kambi amehesabu watu 100 na hakumwona hata mmoja, asifurahi kwamba kazi imekuwa nyepesi. Aulize wako wapi.

Yaliyotokea karibu

Walutheri wa Tanzania si wageni katika kazi ya kuwapokea wenye kukimbia. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, lijulikanalo kwa herufi TCRS, lilianzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara kwa muda wa takriban saa 24, ikazaliwa kambi ya Benaco. Wengi mno walivuka kwa miguu. Mtu akitazama msafara wa namna ile huwaona wenye kutembea na wenye kubebwa. Waliobaki nyuma kwa kukosa mbebaji hawamo katika msafara, wala hawamo katika hesabu.

Mwaka 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijikuta Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima mikali. Meli kongwe ya Liemba iliwachukua kuwapeleka Kigoma mjini, ambako Uwanja wa Lake Tanganyika ulitumika kuwa kituo cha muda kabla ya safari ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Meli ilitia nanga mbali na ufuko, na abiria walipelekwa kwa boti ndogo, kisha wakapandishwa kutoka majini. Kwa kijana mwenye nguvu hiyo ilikuwa taabu ya dakika chache. Kwa asiyeweza kusimama, umbali ule kati ya boti na ubavu wa meli ndio uliokuwa mlango wa kimbilio. Kimbilio basi halianzii langoni. Huanzia mahali mtu anapoondoka kwake.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliupiga Mkoa wa Kagera. Watu 17 walifariki, nyumba nyingi zilibomoka, na shule za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa vibaya. Hapo somo lilikuwa jingine: majengo yaliyotegemewa kuwa makimbilio yenyewe yalikuwa na nyufa, na familia nyingi zililala nje chini ya maturubai kwa kuogopa kuta. Hema na turubai huonekana kuwa rahisi kuingia, kwa kuwa havina ngazi. Lakini kamba zake zilizofungwa chini huwaangusha wasioona, na matope kati ya hema na hema humfunga mtu wa magurudumu mahali alipo.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang' yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki, na walionusurika wakahifadhiwa shuleni. Aprili 2024 mafuriko yalizifunika sehemu kubwa za Rufiji na Kibiti, na Waziri Mkuu akalieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Katika taarifa za maafa ya namna hii hutajwa waliofariki, kaya na nyumba. Ni nadra kutajwa watu wenye ulemavu waliofika kambini, na ni nadra zaidi kutajwa wale ambao hawakufika.

Waliojifunza kwa gharama kubwa

Mtu anaweza kudhani kwamba tatizo hili ni la umaskini, na kwamba nchi tajiri zimekwisha kulimaliza. Historia haikubali. Kimbunga Katrina kilipoipiga pwani ya kusini ya Marekani tarehe 29 Agosti 2005, amri ya kuhama ilitolewa, lakini ilimfaa mwenye gari na mwenye miguu. Takriban nusu ya waliokufa katika jimbo la Louisiana walikuwa watu wa miaka 75 na zaidi. Miaka saba baadaye, Oktoba 2012, Kimbunga Sandy kilifika New York. Watu wenye ulemavu walikuwa wamekwisha kulishtaki jiji hilo kwa kuwasahau katika mipango yake ya dharura, na Novemba 2013 mahakama ilikubali kwamba mipango hiyo ilikiuka haki zao. Katika mapatano ya mwaka 2014 jiji lilikubali kuandaa makimbilio yapatayo 60 yanayofikika, yenye uwezo wa kupokea watu 120,000. Majengo yalikuwapo tangu zamani. Kilichokosekana ni mtu wa kuyapima milango.

Japani, yenye mazoezi ya maafa kuliko nchi nyingi, ilipata pigo lake tarehe 11 Machi 2011. Uchunguzi uliofanywa baadaye katika maeneo yaliyopigwa na tetemeko na tsunami ulionyesha kwamba kiwango cha vifo vya watu wenye ulemavu kilikuwa takriban mara mbili ya kile cha watu wote kwa jumla. Mwaka 2013 nchi hiyo ilirekebisha sheria yake ya maafa, ikazitaka serikali za mitaa kuandaa orodha za watu wanaohitaji msaada wa kukimbia.

Katika nchi hiyohiyo upo mfano wa kutia moyo. Katika mji mdogo wa Urakawa, kisiwani Hokkaido, ipo jumuiya iitwayo Bethel, iliyoanzishwa mwaka 1984 na watu waliowahi kulazwa kwa magonjwa ya akili, ikianzia katika jengo la zamani la kanisa. Kwa miaka kadhaa washiriki wake walikuwa wamejizoeza njia ya kupanda mahali pa juu, kwa maelekezo yaliyotengenezwa kwa picha na sauti ili kila mmoja ayaelewe. Siku ile ya Machi 2011 waliondoka kwa utaratibu wakafika juu salama. Watu ambao jamii huwaona kuwa wa kwanza kuchanganyikiwa walikuwa wameijua njia.

Sheria inavyosema

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006. Ibara yake ya 9 inahusu kufikika kwa majengo, usafiri na habari. Ibara ya 11 inazitaka nchi kuhakikisha ulinzi na usalama wa watu wenye ulemavu katika vita, dharura za kibinadamu na maafa ya asili. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi za chini za utawala.

Maana yake ni kwamba njia ya kupitisha kiti cha magurudumu si sadaka anayopewa mnyonge na mwenye huruma. Ni deni. Usharika unaojitolea ukumbi wake kwa kamati ya maafa ya kata hauwezi kusema kwamba jambo hilo ni la serikali peke yake. Wala serikali haiwezi kusema kwamba kwa kuwa ukumbi ni wa kanisa, ngazi zake ni za kanisa.

Kimbilio lenyewe

Makanisa mengi ya zamani yalijengwa juu ya mwinuko ili yaonekane kutoka mbali, nayo hupandwa kwa ngazi. Katika Injili ya Marko, sura ya 2, watu wanne walilazimika kutoboa dari ili kumfikisha mwenzao mbele ya Yesu, kwa kuwa mlango ulikuwa umezibwa na watu. Imani yao ilisifiwa; hakuna aliyeusifu mlango. Mambo yafuatayo si ghali, na mengi yako ndani ya uwezo wa fundi mwashi na fundi seremala wa kijijini.

Kwanza, njia na mlango. Mlango wa kupitisha kiti cha magurudumu uwe na upana wa sentimita 90 hivi. Njia ya mteremko ifuate kipimo cha 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 chahitaji mteremko wa mita 1.8. Ngazi tatu za kimo hichohicho hufika sentimita 45, nazo zahitaji mita 5.4. Penye nafasi, mteremko mrefu zaidi, wa 1 kwa 20, humfaa zaidi anayejisukuma mwenyewe. Saruji yake ikwaruzwe ili isiteleze wakati wa mvua, na pembeni pawe na mhimili wa kushikilia. Mteremko uliojengwa mkali kwa ajili ya kutimiza wajibu tu ni hatari kuliko ngazi, kwa sababu humshawishi mtu kujaribu.

Pili, nafasi ya kulala. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani, hutaka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za sakafu iliyofunikwa. Ukumbi wa mita 10 kwa mita 20 una mita za mraba 200. Kwa kipimo hicho watosha watu 57, wala si 200. Ni hesabu ngumu kuipokea usiku wa mafuriko, lakini ni vema ijulikane mapema ili jengo la pili litafutwe. Katikati ya mikeka ibaki njia isiyozibwa na mizigo, na mahali fulani pabaki duara la mita 1.5 ambamo kiti cha magurudumu chaweza kugeuka. Wenye ulemavu wa viungo walale karibu na mlango na choo, pamoja na jamaa zao. Kuwakusanya wote katika kona moja ni kuwatenga kwa jina la kuwahudumia. Pembe moja tulivu, mbali na jiko na redio, iwekwe kwa ajili ya wale ambao kelele na msongamano huwazidishia maradhi ya akili.

Tatu, choo. Hapa ndipo aibu na hatari hukutana. Mtu mzima asiyeweza kufika chooni peke yake hujua kwamba usiku atalazimika kumwamsha mtu ili ambebe, na huenda mbebaji akawa mkwewe, au mgeni asiyemjua. Wengi hutatua jambo hilo kwa kukataa chakula na maji. Wahudumu huona sahani iliyojaa wakadhani mtu hana hamu ya kula, kumbe anailinda heshima yake kwa njia pekee iliyobaki. Kutoka mahali pa kulala hadi chooni pasizidi mita 50. Tundu moja angalau liwe na mlango mpana, sakafu isiyo na kizingiti, nafasi ya msaidizi, komeo upande wa ndani na miti miwili imara ya kushikilia. Kwa asiyeweza kuchuchumaa, kiti cha mbao chenye tundu katikati, kilichowekwa juu ya shimo, chatosha. Kamba iliyofungwa kwenye nguzo kutoka ukumbini hadi chooni humwongoza asiyeona bila kumwita mtu, na taa ya sola mlangoni huwafaa wote.

Nne, habari. Kengele ya kanisa imewaita watu kwa karne nzima, lakini kuna ambao hawajawahi kuisikia. Kila tangazo la dharura litolewe kwa sikio na kwa jicho: kengele pamoja na bendera au taa, kipaza sauti pamoja na ubao ulioandikwa kwa herufi kubwa na picha. Ajuaye lugha ya alama atafutwe mapema, kwa msaada wa Chama cha Viziwi Tanzania au walimu wa elimu maalumu. Kanisa lina hazina hapa, kwa kuwa shule zake kama ile ya wasioona ya Irente na ile ya viziwi ya Mwanga zimefundisha vijana wengi. Wahitimu wa shule hizo ni walimu wa kimbilio, wala wasihesabiwe kuwa mzigo wake.

Tano, vifaa na dawa. Katika haraka ya kuokoa, mtu hubebwa mgongoni na kiti chake huachwa nyumbani. Afikapo kimbilioni amekuwa mtu wa kukaa sakafuni akingoja kusogezwa. Kiti cha magurudumu, magongo, fimbo nyeupe, kifaa cha kusikia na dawa za kifafa vihesabiwe kuwa sehemu ya mwili wa mtu, vibebwe pamoja naye. Kwa watu wenye ualbino, kivuli, kofia pana na mafuta ya kukinga jua ni mahitaji ya lazima pale ambapo foleni ya chakula hupangwa juani kwa saa nyingi.

Sita, usalama. Wanawake na wasichana wenye ulemavu wako katika hatari kubwa zaidi ya kudhulumiwa mahali penye giza na watu wasiofahamiana. Watu wenye ualbino wamewindwa nchini, na hofu yao ya kulala kati ya wageni ina sababu. Zamu ya ulinzi iwekwe usiku kucha, na walinzi wawepo wanawake kwa wanaume.

Kazi ya jumuiya

Usharika una kitu ambacho ofisi nyingi hazina: jumuiya za nyumba kwa nyumba. Wanajumuiya wanajua nani haonekani ibadani kwa sababu hatembei, na nyumba gani ina mtoto anayefungiwa ndani wageni wanapokuja. Jumuiya inaweza kuandaa orodha ya watu watakaohitaji msaada siku ya hatari: wanapoishi, wanahitaji nini, na nani atakwenda kwao. Kila mtu apewe majirani wawili, si mmoja, kwa kuwa huyo mmoja huenda siku hiyo akawa safarini au akawa yeye mwenyewe amezingirwa na maji. Orodha isichague kwa dhehebu wala dini, maji hayachagui.

Orodha hiyo itunzwe kwa busara. Karatasi inayoonyesha nyumba ya mtu mwenye ualbino, au ya mwanamke asiyeona aishiye peke yake, ikiangukia mikono mibaya huwa ramani ya uovu. Mwenye jina aombwe idhini kabla ya kuandikwa, na waishikao wawe wachache na wafahamike. Orodha ya mwaka juzi haitoshi pia. Watu huhama, hufa, hupata ajali. Ihakikiwe kila mwaka kabla ya masika.

Juu ya yote, wenyewe wawemo katika kamati. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania, SHIVYAWATA, limewakusanya watu wenye ulemavu wa aina nyingi, na hakuna sababu ya kamati ya maafa kuketi bila kuwaalika. Mtu wa kiti cha magurudumu akiukagua ukumbi kwa nusu saa ataona mambo ambayo mkandarasi hakuyaona katika miezi sita ya ujenzi.

Majibu kwa hoja zinazosikika

Wapo wasemao kwamba wakati wa hatari hakuna nafasi ya mambo hayo: waokolewe wengi kwanza. Ni kweli kwamba usiku wa mafuriko hakuna nafasi ya kujenga mteremko. Ndiyo sababu hujengwa wakati wa kiangazi. Anayengoja dharura ili afikirie watu wenye ulemavu amekwisha kuamua, ingawa hakutamka, kwamba watakuwa wa mwisho.

Wapo wasemao kwamba jamaa zao watawabeba. Jamaa hubeba, na wengi wamebeba kwa upendo usiopimika. Lakini mama mwenye watoto watatu ana mikono miwili tu, na asilazimishwe kuchagua. Tena kubebwa si kufika: aliyebebwa hadi ukumbini asiweze kwenda chooni, kupanga foleni wala kusikia tangazo, bado yuko nje ya kimbilio ingawa yuko chini ya paa.

Wapo wasemao kwamba gharama ni kubwa. Mlango mpana hauli fedha nyingi ukitajwa kwenye mchoro. Hula fedha ukibomolewa ukuta. Na mteremko uliojengwa kwa ajili ya mmoja hupitwa na bibi mwenye fimbo, mjamzito, mtoto wa mwaka mmoja na wabeba jeneza.

Hitimisho

Usharika unaotimiza miaka 100 una haki ya kuhesabu ubatizo, ndoa na vipaimara vyake. Karne ya pili inaweza kuanza kwa hesabu nyingine, ndogo lakini ya kweli. Jumapili moja baada ya ibada, kabla ya masika, washarika na majirani wenye ulemavu waombwe kuwaongoza wazee wa kanisa kutoka nyumbani kwao hadi ukumbini, na kutoka ukumbini hadi chooni. Wazee waende mwendo wao, na kila mahali watakaposimama, iwe ni mtaro, ngazi, kamba, giza au mlango mwembamba, mmoja aandike. Karatasi hiyo ipelekwe kwenye Baraza la Wazee na kwenye kamati ya maafa ya kata, ipangiwe fedha na fundi, na tarehe ya kumaliza ielezwe mbele ya usharika. Kisha mwaka ufuatao safari hiyo irudiwe kwa njia ileile, ili ionekane ni vizuizi vingapi vimeondolewa na vingapi vimesalia.

Mungu aubariki usharika katika karne yake ya pili, na awalinde wote watakaohitaji paa lake.